Mama Anaumwa Kidogo

Pale Mlalo hakuna mtu aliyewahi kuambiwa kwa simu kwamba mama yake amekufa. Huambiwa, "Njoo nyumbani, mama anaumwa kidogo," basi. Mwenye akili zake hadai maelezo. Anaomba ruhusa kazini, anapanda gari, na njia nzima kuanzia Mombo kupandisha milima ya Usambara anajifanya hajui anachokwenda kukikuta. Akishuka stendi anawakuta ndugu wawili wanamngoja, mmoja anamshika mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, na hapo ndipo anaporuhusiwa kujua. Ukiambiwa mama anaumwa sana, mshukuru Mungu, maana huyo bado yu hai na kinachotafutwa ni gari la kumpeleka hospitali.

Benjamini alilelewa katika desturi hiyo na hakuwahi kuiona ina kasoro. Yeye mwenyewe aliitwa hivyo hivyo akiwa kijana, akipasua mbao kule Shume. Alitumiwa mtu kumwambia baba anaumwa kidogo, akauacha msumeno ndani ya gogo, akaja kwa miguu, na kaka yake Abrahamu akampokea mlangoni kwa mikono miwili. Mpaka leo ukimuuliza alijuaje kwamba baba amefariki, atakwambia hakujua, alishikwa tu.

Ni mtu wa maneno machache huyu Benjamini. Analima karoti na kabichi kwenye matuta chini ya misheni, ni mzee wa kanisa, na siku za ibada na za mazishi hupiga besi katika kundi la matarumbeta. Besi ndilo tarumbeta kubwa kupita yote, lile linalomkumbatia mpigaji, na halina kazi ya kuimba wimbo. Kazi yake ni kutembea chini ya wimbo ili wenzake wasipotee. Lilimfaa, maana hata nyumbani wimbo ulikuwa wa mkewe Eliza. Eliza alisema kwa niaba ya wawili, akacheka kwa niaba ya wawili, na simu ya ng'ambo ikilia Benjamini aliitikia, "Marahaba, Mungu akubariki," kisha akampa mkewe.

Simu ya ng'ambo ilikuwa ya Glory, binti yao mkubwa, aliyepata ufadhili wa kwenda Hungaria kusomea uhandisi wa maji. Maji ya bomba upande wao hutoka siku yanapopenda yenyewe, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa na sababu ya kumwombea. Kabla hajaondoka, Mwalimu Alen wa sekondari, aliyemfundisha Kiingereza, alikuja jioni moja na kanuni za chuo ndani ya simu yake, akawasomea na kuwatafsiria wote sebuleni. Kulikuwa na kanuni ya kuhudhuria, kanuni ya kunakili kazi ya mwenzio, kanuni ya kuugua. Kulikuwa hata na ya kufiwa. Mwanafunzi akifiwa na mzazi aitaarifu ofisi ndani ya siku kumi na nne, naye atapangiwa mtihani mwingine. Asiyetaarifu na asitokee kwenye mtihani, amefeli. Anayefeli somo kubwa hurudia mwaka, na mfadhili halipii mwaka wa kurudia.

"Kumbe hata kufa kwetu wameshakupangia ratiba," Eliza alisema, na sebule nzima ikacheka. Benjamini naye alicheka. Miezi baadaye alikuja kukumbuka kicheko hicho akiwa shambani na jembe mkononi, na ilimbidi akae chini.

Eliza alianguka asubuhi ya siku ya soko, tenga la kabichi kichwani, karibu kabisa na mlango wake mwenyewe. Daktari alisema ni kiharusi. Mazishini kundi la matarumbeta lilipiga nyimbo zote alizozipenda, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake Benjamini alikaa kwenye benchi la wafiwa mikono mitupu, huku besi ikipigwa na mwingine, tena vibaya.

Walipotoka makaburini ukoo ulikaa kuzungumza habari ya Glory. Mitihani yake ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekwisha kuanza, nayo ingeendelea kwa wiki kadhaa. Kumwita nyumbani kwa neno la kawaida haikuwezekana, maana angeacha mitihani yote. Kumwambia ukweli hakuna aliyekutaja, mpaka Abrahamu, kaka mtu, akauliza swali moja.

"Tukimwambia, nani atamshika?"

Abrahamu akawageukia wote.

"Tuna mtu wetu huko Hungaria? Ndugu, jirani, hata Mtanga mmoja?"

"Hatuna," Benjamini alisema.

"Basi. Mtoto hapewi msiba akiwa peke yake chumbani. Anaweza kudondoka asiwepo wa kumwokota. Amalize mitihani, aje, tutampokea wenyewe stendi."

Hapakuwa na mtu mbaya katika kikao kile, na hapakuwa na mjinga. Mwalimu Alen, ambaye pengine angeikumbuka ile kanuni, alikuwa Dodoma akisahihisha mitihani ya taifa. Benjamini aliinamisha kichwa, na katika ukoo wao kuinamisha kichwa ni kukubali.

Jumapili mchungaji alitangaza baada ya baraka kwamba mtoto yuko kwenye mitihani, picha za msiba zisitumwe kwenye simu. Na kweli mji ulifunga mdomo. Walutheri walinyamaza, Wakatoliki walinyamaza, na Waislamu wa sokoni waliozoea kununua kabichi kwa Eliza walinyamaza vilevile. Mji usioweza kutunza siri ya posa mpaka jioni ulitunza siri ya kifo wiki tatu na ushei.

Aliyeteseka ni Benjamini. Glory alipiga simu kila mwisho wa wiki, na sasa hapakuwa na wa kumpa.

"Shikamoo tate. Mame yuko wapi?"

"Marahaba. Mama yako yuko shambani."

Wiki iliyofuata mama alikuwa amekwenda Rangwi kumwangalia mgonjwa. Baadaye simu yake ikawa imeingia maji. Benjamini hakuwa na mazoezi ya kusema uongo, na uongo wake ulikuwa mfupi na mkavu kama majibu yake mengine yote, kwa hiyo haukumshibisha mtu. Glory akaanza kuwa na wasiwasi. Akaandika kwamba halali, kwamba anasoma ukurasa mmoja mara nne, kwamba hata ujumbe wa sauti tu ungemtosha, amsikie mama.

Eliza alikuwa na mdogo wake, Beatha, aliyehamia pale nyumbani tangu msiba kuwaangalia wadogo zake Glory. Sura zao hazikufanana, lakini sauti ilikuwa moja. Siku zile Beatha akiita watoto kutoka jikoni, Benjamini alikuwa akisimama ghafla kwenye tuta, halafu anakumbuka. Ni Beatha mwenyewe aliyesema, "Shemeji, nipe hiyo simu."

Benjamini alimshikia simu. Ilikuwa mchana, mvua ikinyesha, na Beatha alisema kwa mkato wa Eliza, akimalizia maneno kwa kuyavuta kama Eliza.

"Ni mimi mama yako, mwanangu. Mimi mzima. Kifua tu kinanibana kidogo na hii baridi. Wewe soma, usiwe na mawazo. Tutaonana ukimaliza."

Alipoachia kidole alitoka nje bila kanga ya kujifunika, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mvua inamnyeshea, na hakuna aliyethubutu kumwita ndani. Jibu la Glory lilirudi kabla Beatha hajasimama. "Asante mame. Sasa nitalala." Glory tangu utotoni alimwita mama yake mame, kwa Kishambaa, na baba yake alimwita tate, isipokuwa anapokuwa amekasirika.

Ukabaki mtihani mmoja, ule wa somo kubwa la mitambo ya maji. Na hapo ndipo alipoingia Kassimu, kijana wa jirani anayenunua mboga na kuzisafirisha, aliyesoma na Glory shule ya msingi. Kassimu alimpenda marehemu Eliza kama mama yake. Alikuwa na video ya mazishi kwenye simu yake na alikaa nayo muda wote huo bila kuionyesha mtu, ila asubuhi moja moyo ukamshinda, akaiweka status kwa maneno ya kumwombea. Si kwamba alisahau onyo la mchungaji. Namba ya Glory aliiondoa kwanza ili asiione. Namba aliyoiondoa ilikuwa ile ya zamani ya Tanzania, si ile ya Hungaria.

Simu ya Benjamini ililia akiwa anaosha karoti mtoni.

"Baba," Glory alisema. Hakusalimu, na hilo halikuwahi kutokea. "Mbona kwenye hii video wewe hupigi besi?"

Benjamini alisikia watu wakipita nyuma ya binti yake kule aliko, na mlango mkubwa ukifunguliwa na kufungwa. Alikuwa mlangoni mwa chumba cha mtihani.

"Kila anayezikwa hapo nyumbani unampigia," Glory alisema. "Huyu ni nani hukumpigia?"

Benjamini alitaka kusema neno lolote, hata la uongo, na hakulipata. Alisimama ndani ya maji ya baridi mpaka simu ikakatika. Wiki zote zile walikuwa wakiogopa kwamba mtoto ataanguka asiwepo wa kumshika, na sasa alikuwa ameanguka, na aliyekuwa naye kwenye simu hakuweza hata kusema pole.

Glory hakuingia kwenye mtihani. Alisimulia baadaye kwamba alikaa sakafuni kwenye korido, na mfanyakazi wa usafi, mwanamke asiyejua neno la Kiingereza, ndiye aliyemletea maji ya kunywa na kukaa naye. Kwa hiyo alishikwa na mtu, ila si wa kwao.

Siku iliyofuata aliiandikia ofisi ya chuo, akaomba apangiwe mtihani mwingine kwa sababu amefiwa na mama. Wakamwomba cheti cha kifo. Mwalimu Alen, ambaye sasa alikuwa amerudi, alikipiga picha na kukituma. Ofisi ikajibu kwa adabu kwamba siku kumi na nne tangu tarehe ya kifo zimekwisha kupita. Glory akaandika kwamba hakuambiwa. Wakajibu, tena kwa adabu, kwamba lete uthibitisho wa kutokuambiwa. Naye mtoto wa watu, kwa haraka na machungu, akawatumia kitu pekee alichokuwa nacho, ule ujumbe wa sauti, aliopokea kutoka kwa baba yake siku ambayo wao wote nyumbani walijua Eliza yuko kaburini.

Jibu la tatu lilikuwa fupi zaidi. Cheti kinasema mama alikufa tarehe fulani. Sauti inasema, wiki kadhaa baadaye, kwamba mama ni mzima. Kimoja kati ya vitu hivi viwili ni cha uongo, na kukidanganya chuo ni kosa la kufukuzwa. Ataitwa mbele ya kamati, na familia yake inaruhusiwa kueleza.

"Sasa wanasema Glory ametengeneza cheti," Mwalimu Alen alimweleza Benjamini, wamesimama kwenye tuta la karoti. "Wanasema mama yuko hai."

"Laiti," Benjamini alisema.

Siku ya kamati walikwenda Lushoto mjini, Benjamini, Beatha na Mwalimu Alen, kwenye steshenari ya rafiki yake mwalimu ambako mtandao hausumbui. Benjamini alivaa koti lake la kanisani. Rafiki huyo alifunga mlango wa duka, akawapangia viti vitatu mbele ya kompyuta, nyuma yao mashine ya fotokopi na mabunda ya karatasi. Kwenye kioo walitokea watu watatu wa kamati, na katika kisanduku chake peke yake akatokea Glory. Alikuwa amekonda. Nywele alizisuka mwenyewe, na mstari haukunyooka.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama mdogo. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," wakaitika wote, na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, aliwasubiri kwa heshima mpaka wamalize. Alikuwa mtu mwema yule mama. Hilo Benjamini alikuwa akilirudia kila aliposimulia, na kila alipolisema lilimuumiza zaidi, kwa sababu mtu mkali angeweza kumlaumu.

Aliulizwa kupitia kwa Mwalimu Alen kwa nini hakumwambia binti yake kwamba mama yake amefariki.

"Kwa sababu alikuwa peke yake," Benjamini alisema.

Alen akatafsiri. Wale watatu wakangoja, wakidhani bado anaendelea. Yeye alikuwa amemaliza. Eliza angewaeleza. Eliza angewachukua wale watu tangu stendi, mikono inayoshika, msumeno uliobaki ndani ya gogo, mpaka waelewe na kuona aibu kidogo. Benjamini alikunja vidole vyake magotini.

Mwenyekiti akauliza kama desturi hiyo imeandikwa mahali popote, katika kitabu au tamko la kanisa.

"Haijaandikwa," Benjamini alisema. "Kila mtu anaijua."

Ndipo mmoja wa wale wawili wengine, bwana wa miwani, akasema jambo na Mwalimu Alen hakulitafsiri mara moja. Alilirudia kwa Kiingereza, akahakikisha amesikia sawa. Halafu akamgeukia Beatha.

"Wanasema kama sauti ile ni yako, dada, basi useme tena maneno yale yale. Hapa. Walinganishe."

Beatha alimtazama Benjamini. Benjamini alimtazama Glory kwenye kisanduku chake, na Glory alikuwa anatazama pembeni. Hakuna hata mmoja pale dukani aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana, maana hapana ingekuwa sawa na kusema mtoto ni mwongo. Kwa hiyo Beatha alivuta kanga mabegani, akafumba macho.

"Ni mimi mama yako, mwanangu," alisema. "Mimi mzima. Kifua tu kinanibana kidogo na hii baridi."

Kisanduku cha Glory kilibaki na ukuta mtupu. Alikuwa ameinama chini ya meza, na walichosikia ni kiti kikiburuzwa, halafu pumzi. Beatha aliendelea mpaka mwisho kwa sababu aliagizwa asiruke neno. Wewe soma. Usiwe na mawazo. Tutaonana ukimaliza. Bwana wa miwani akaandika kitu. Mwenyekiti alijifuta macho bila kujificha, akasema kwamba imetosha.

Walipotoka, Mwalimu Alen alikuwa na matumaini, na aliyaeneza kwa wenzake njia nzima ya kurudi. Wamesadiki, alisema. Umemwona yule mama alivyolia? Mtu akilia hivyo ameshaamua.  Tangu siku ile Beatha akiongea huongea kwa kunong'ona, na watoto walipomuuliza kama anaumwa koo aliwajibu kwa kutikisa kichwa.

Uamuzi ulikuja kwa maandishi, na Mwalimu Alen alipanda mpaka nyumbani kuusoma. Kamati imeamini. Cheti ni cha kweli, na sauti ni ya mama mdogo. Mwanafunzi hakukidanganya chuo, shutuma imefutwa, na kamati inampa pole nyingi yeye na familia yake. Benjamini aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu Lushoto.

"Bado," Alen alisema.

Kuhusu mtihani, kanuni inahesabu siku kumi na nne kuanzia tarehe ya kifo. Haikuandikwa tarehe ya kujua. Kamati haina mamlaka ya kubadilisha maneno ya kanuni, na inasikitika. Mtihani unabaki umefeliwa.

Benjamini alimwomba asome tena. Alen akasoma tena, na kanuni ilikuwa vilevile.

"Kwa hiyo wamekubali kwamba hakujua," Benjamini alisema polepole.

"Wamekubali."

"Na wamekubali kwamba sisi ndio tuliomficha."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Wangesema ni mwongo angefukuzwa. Wamesema ni mkweli, na mwaka umekwenda."

Mwalimu Alen aliaga, akashuka kwake. Aliandika rufaa usiku ule, akaandika kwa Kiingereza chake kizuri kuliko vyote, akaomba siku zihesabiwe tangu mtoto alipojua. Akajibiwa kwamba uamuzi wa kamati ndio wa mwisho. Aliandika kwa mfadhili. Mfadhili naye alitoa pole, na alieleza kwamba kanuni zake zinafuata za chuo. Benjamini hakuwahi kupewa pole nyingi namna ile maishani, hata pale msibani. Alikuwa akitamani angalau mmoja wao awe mbaya, apate wa kumkasirikia. Alijaribu kumkasirikia Kassimu, lakini Kassimu alikuja mwenyewe akapiga magoti mlangoni akilia, ikabidi Benjamini amshike mikono amwinue. Alijaribu kumkasirikia Abrahamu, na akakumbuka nani aliyempokea mlangoni siku ya baba. Kilichobaki ni kichwa chake mwenyewe siku ile kilipoinama.

Angeweza kusema ile siku. Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha. Neno moja kwenye kikao, tumwambie, na mtoto angelia wiki moja kule baridini, angeiandikia ofisi, angepangiwa mtihani. Angelia peke yake, lakini angekuwa na mwaka wake. Walimtafutia mtu wa kumshika, na kwa kumtafutia wakamwangusha.

Wakati huo wote Glory alikuwa akipiga simu akiwa na shida tu. Shikamoo hakuiacha, mtoto aliyelelewa. Ila baada ya marahaba aliongea kama mtu aliye ofisini, baba naomba hiki, baba tuma kile, na neno tate hakulitamka tena. Baada ya uamuzi akaacha kupiga kabisa. Kibali chake cha kukaa kule kilikuwa kinafika mwisho, na Benjamini hakujua kama anakula, wala analala wapi. Alipiga yeye. Simu iliita ikakatika, siku baada ya siku, na yeye aliyekuwa akiikwepa simu maisha yake yote alikuwa sasa anatembea nayo mfuko wa shati mpaka shambani.

Jioni moja ikapokelewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Alikuwa ameyapanga maneno yake kwa muda mrefu, na yote yalimpotea isipokuwa yale ya lazima. "Rudi nyumbani."



"Nani amekufa?" Glory aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Baba. Nani amekufa?"

"Mwanangu, hakuna. Nakuita tu. Shule imekwisha, uje nyumbani."

"Hivyo ndivyo mngesema," Glory alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Kama kuna mtu, hivyo hivyo ndivyo mngesema. Washa kamera."

Benjamini hakujua kuiwasha. Beatha alimsaidia. Benjamini alizunguka nayo nyumba nzima akiishika mbele yake kwa mikono miwili, akamwonyesha wadogo zake mmoja mmoja wakiwa wanamenya viazi, naye Glory akawataka kila mmoja apunge mkono. Alimwita Abrahamu kutoka nyumba ya jirani, na mzee akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni akaonekana yu hai. Kisha alimgeuzia Beatha.

"Mama mdogo nimemwona," Glory alisema haraka. "Asiseme kitu, tafadhali. Apunge tu."

Beatha akapunga.

"Sasa wewe."

Benjamini aliigeuza simu kwake. Picha yake ikajitokeza pembeni, uso wa mzee mwenye koti, halafu ikaganda, kama mtandao wa pale unavyofanya jioni mawingu yakishuka.

"Umekwama," Glory alisema. "Sikuoni vizuri. Naona kama picha tu. Sema kitu, nijue ni wewe."

Benjamini alitafuta la kusema. Miaka yote alikuwa na maneno mawili ya simu, halafu anampa mwenye maneno. Kule ng'ambo mtoto alikuwa anangoja, na pumzi yake ilisikika karibu, kama amelala chumba cha pili.

"Ni mimi baba yako, mwanangu," alisema. "Mimi mzima."

Upande wa Glory kikasikika kiti kikiburuzwa. Beatha, aliyekuwa bado amesimama kando ya mlango, alijifunika kanga kichwani akatoka nje.